Maji ya chini ya udongo: namna ya kulinda chemchem na visima vyetu



Huku Kindu mto hauko mbali na mtu. Lualaba inapita katikati: Kasuku na Mikelenge upande wa magharibi, Alunguli ng'ambo ya mashariki. Lakini maji ya kunywa, wengi wetu hatuyateki mtoni. Tunayateka kwenye chemchem bondeni, kwenye kisima cha parseli, ao kwenye foraji yenye pompi ya mkono. Bomba za REGIDESO hazifiki kila nyumba, na ukitoka mjini kwenda Kailo, Pangi ao Kibombo, chemchem njo bomba la watu. Maji hayo yote yanatoka fasi moja: chini ya udongo. Yakiharibika, hatuna ingine karibu.

Kwa mkulima hii ni habari ya kazi pia. Mtoto akihara wakati wa kupalilia mpunga, mama anabaki nyumbani ao anashinda kwenye santre ya afya, na majani yanakula shamba. Ndiyo sababu katika namba hii tunaeleza maji ya chini yanakaa namna gani, uchafu unayafikia kwa njia gani, na koperative inaweza kufanya nini yenyewe.

Maji yanakaa namna gani chini

Mvua ikinyesha, maji mengine yanakimbia mpaka kijito, mengine yanakunywewa na mimea ao yanakauka kwa jua, na mengine yanazama. Yale yanayozama yanashuka polepole kati ya punje za mchanga na udongo mwekundu, mpaka yanakuta udongo wa mfinyanzi ao jiwe gumu linaloyazuia. Hapo yanakusanyika. Watu wengine wanafikiri kuna ziwa ao mto mkubwa chini. Hapana. Chukua basini, ijaze mchanga, kisha mimina maji: maji yanakaa katika nafasi ndogo kati ya punje. Hivyo ndivyo ilivyo chini ya miguu yetu.

Maji hayo hayasimami. Yanatembea polepole kufuata mteremko, na kwenye mguu wa kilima yanatokea nje: hiyo njo chemchem. Kwa hiyo maji unayojaza leo kwenye bidoni yalianguka zamani kidogo huko juu, kwenye mashamba, kwenye parseli za watu na kwenye njia. Yule anayekaa juu ya chemchem, kile anachomwaga kinaweza kushuka mpaka kwenye kikombe cha yule anayekaa chini.

Udongo unatusaidia sana kwa sababu unachuja. Vijidudu vya magonjwa vinanasa kwenye punje, vinakosa chakula na vinakufa na siku. Kule Ujerumani sheria zao za kulinda visima zinahesabu siku 50: eneo lote ambalo maji yake yanaweza kufika kisimani kabla ya siku 50 linalindwa kwa nguvu, kwa sababu ndani ya muda huo vijidudu vingi vya magonjwa vinakwisha kufa.

Lakini chujio hili linashindwa kwa mambo matatu. La kwanza, njia ikiwa fupi: tundu la panya, mzizi uliooza, ufa, shimo la zamani. Maji yanapita mbio bila kuchujwa. La pili, uchafu ukiwekwa chini ya chujio lenyewe, kama choo ambacho shimo lake limefika kwenye maji. La tatu, uchafu ukiwa ni dawa inayoyeyuka ndani ya maji. Dawa haifi kama kijidudu. Inasafiri na maji.

Macho hayatoshi

Tunasikia mara nyingi: «Maji yetu ni mazuri, ni meupe, ni baridi, hayana harufu.» Vijidudu havionekani kwa macho, wala havina ladha.

Mfano unaojulikana dunia nzima ulitokea London mwaka 1854. Kolera iliua watu zaidi ya 600 katika kartye moja, karibu na pompi ya barabara ya Broad Street. Maji ya pompi ile yalisifiwa. Mama mjane mmoja aliyekuwa amehama mbali alikuwa akiletewa maji yake kwa sababu alipenda ladha yake, naye kolera ikamuua. Daktari John Snow alifuata nyumba kwa nyumba akiuliza kila mgonjwa alikunywa maji gani, na tarehe 8 Septemba mkono wa pompi ukaondolewa. Baadaye walipochimba walikuta shimo la uchafu wa choo la nyumba jirani, lenye kuta mbovu, karibu metre moja tu kutoka kisimani.

Kwetu pia kolera inajua njia ya maji. Mwaka 2011 ilianza Kisangani, ikashuka na mto Congo mpaka Kinshasa. Na bila kolera, kuna tifoide, kuna minyoo, kuna kuhara kwa kila siku ambako tumezoea mpaka tunasema ni meno ya mtoto.

Njia ambazo uchafu unapitia

Choo. Hii njo hatari ya kwanza. Kipimo ambacho mashirika ya msaada yanafuata ni hiki: choo kiwe angalau metre 30 kutoka kwenye kisima ao chemchem, na chini ya shimo kibaki angalau metre 1,5 juu ya maji. Tena kiwe upande wa chini wa mteremko, hapana juu.

Unajuaje maji yako wapi? Pima kisima cha jirani wakati wa mvua nyingi, maji yakiwa juu kabisa. Hapana kupima wakati wa kiangazi, utajidanganya. Tuseme kamba inaonyesha maji kwenye metre 4. Toa 1,5: shimo la choo lisipite metre 2,5. Kama maji yako metre 2 tu, shimo litakuwa nusu metre, na hilo halitoshi. Hapo inafaa choo kilichoinuliwa: unajenga kuta za shimo juu ya udongo kwa matofali, na watu wanapanda kwa ngazi.

Mjini, parseli ni ndogo na metre 30 hazipatikani. Usikate tamaa, lakini sema ukweli: maji ya kisima hicho ni ya kufua, ya kuosha nyumba na ya kumwagilia lengalenga. Ya kunywa yatafutwe fasi ingine, ao yasafishwe kila siku.

Kisima kilichoachwa. Kisima kikikauka ao kikianguka, watu wanakigeuza kuwa shimo la takataka, wengine hata choo. Hili ni jambo baya kuliko yote, kwa sababu mmefungua mlango na kupeleka uchafu moja kwa moja ndani ya maji, bila chujio. Kisima cha zamani kijazwe kwa mchanga na udongo safi, na juu kifungwe kwa mfinyanzi uliopondwa vizuri.

Kuloweka mihogo, kufua, kuosha moto. Mashimo ya kuloweka mihogo mara nyingi yanachimbwa kandokando ya jicho la chemchem kwa sababu maji ni karibu. Lakini maji ya mihogo yanachacha, na mihogo michungu inaacha sumu yake ndani. Wakati wa mvua maji yakipanda, shimo na chemchem vinakuwa kitu kimoja. Dawa yake haina bei: loweka chini ya fasi ya kuteka, mbali na jicho, na angalieni kama jirani wa chini hateki hapo. Vivyo hivyo kufua nguo, kuosha moto, na maji machafu ya kukamua mawese.

Dawa ya wadudu na mbolea. Kosa kubwa ni kuchanganya dawa kwenye chemchem yenyewe, kwa sababu maji yako hapo. Beba maji mpaka shambani, changanya huko. Ukimaliza, suuza pompi ya mgongo na chupa mara tatu, na maji ya kusuuza yamwage juu ya mimea uliyopuliza. Kidoni ya dawa isiwe bidoni ya maji hata siku moja, hata ikioshwa na sabuni. Itoboe ili mtoto asiichukue. Tena angalia dawa zinazouzwa bila alama sokoni: endosulfan, kwa mfano, iliingizwa mwaka 2011 katika orodha ya sumu ambazo mapatano ya Stockholm yanataka ziondolewe duniani.

Mbolea nayo, ya dukani ao ya mavi ya wanyama, ikizidi kile ambacho mmea unakula, inayeyuka na kushuka. Inaleta nitrati kwenye maji. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa milligramu 50 za nitrati katika litre moja, kwa sababu zikizidi, damu ya mtoto mchanga anayelishwa maziwa ya kopo inashindwa kubeba hewa. Weka mbolea kidogo kidogo, mara mbili ao tatu, hapana yote siku moja kabla ya mvua kubwa. Lundo la mboji na banda la nguruwe viwe mbali na chini ya chemchem.

Mafuta na madini. Mafuta ya moto yaliyotumika yasimwagwe chini. Na huko kwenye machimbo ya dhahabu, zebaki inayotumiwa kukamata dhahabu inabaki kwenye matope ya kijito na inaingia ndani ya samaki. Kwa sababu hiyo dunia iliandika mapatano ya Minamata mwaka 2013.

Kuchemsha hakuondoi kila kitu

Kuchemsha maji mpaka yatokote kunaua vijidudu. Dawa ya klore inaua vingi. Hata jua linasaidia: chupa nyeupe ya plastike yenye maji yasiyo na matope, ilazwe juani saa 6, ao siku 2 kama kuna mawingu mengi. Fanyeni hivyo, ni vizuri.

Lakini kuchemsha hakutoi dawa ya wadudu, hakutoi zebaki, hakutoi nitrati. Nitrati inazidi hata, kwa sababu maji yanapungua kwenye chungu na yenyewe inabaki. Na maji ya chini yanatembea polepole: uchafu wa dawa ukiisha kuingia unaweza kukaa miaka. Hakuna mtu atakayeweza kuosha kilima. Kwa hiyo kulinda kabla ni kazi rahisi kuliko kutafuta dawa baadaye.

Kutengeneza chemchem

Chemchem iliyoachwa wazi, watu wanaikanyaga, mbuzi wanakunywa humo, na kila mtu anatumbukiza chombo chake. Chemchem iliyotengenezwa vizuri ina vitu hivi:

Kwanza, mnachimba kufuata maji mpaka jicho la kweli, pale yanapotoka kwenye udongo mgumu. Mnaweka mawe na changarawe safi, zilizooshwa. Mbele mnajenga ukuta wenye bomba, ambalo liko juu kidogo ili bidoni iingie chini yake. Juu ya changarawe mnafunika kwa plastike na mfinyanzi uliopondwa, kisha udongo na majani mafupi. Kwa upande wa juu, hatua 10 hivi, mnachimba mfereji wa kugeuza maji ya mvua yapite pembeni. Mnazungusha lupango wa miti hai ili wanyama na watu wasipite juu. Chini ya bomba mnaweka mawe ao saruji, na mfereji wa kutoa maji yanayomwagika.

Usipande miti yenye mizizi mikubwa karibu na ukuta, itaupasua. Kalitusi usiipande kabisa karibu na chemchem, inakunywa maji mengi. Majani mafupi njo mazuri.

Pimeni pia nguvu ya chemchem, hasa mwisho wa kiangazi, Agosti. Hesabu sekunde za kujaza bidoni ya litre 20. Tuseme sekunde 40: hiyo ni litre 30 kwa dakika. Kama watu wanateka saa 12 kwa siku, ni litre 21.600. Kwa kipimo cha chini cha litre 15 kwa mtu kwa siku, inatosha watu 1.440. Andikeni hesabu hiyo kila mwaka. Ikishuka, mtajua mapema.

Shamba la juu ni la nani?

Hapa njo matata yanaanza. Wote wanakubali chemchem ilindwe, lakini juu yake kuna shamba la mtu. Labda ni mwanachama, labda anapanda nyanya hapo na anapuliza dawa, na shamba hilo njo linalipa shikuli ya watoto wake. Mkimwambia «toka» bila kitu mkononi, atakataa, na ana haki ya kukasirika. Mkinyamaza, watu mia wanakunywa dawa yake.

Sheria inasema kitu. Sheria namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya maji inaweka maji katika mali ya umma ya Serikali, na inatambua maeneo ya kulinda fasi za kuteka maji. Lakini sheria peke yake haichimbi mfereji. Kinachofanya kazi ni mapatano ya watu. Kuna njia tatu.

Njia ya kwanza ni kubadili mazao. Ile sehemu ya karibu na jicho inaachwa majani mafupi kabisa. Inayofuata juu inapandwa vitu visivyolimwa kila msimu wala kupulizwa dawa, kama ndizi ao miti ya matunda. Mwenye shamba anaendelea kuvuna.

Njia ya pili ni kubadilishana: koperative ao chefu wa lokalite anampa kipande kingine chenye udongo sawa, naye anaacha kile cha juu.

Njia ya tatu ni kumlipa kidogo kila mwaka kutoka kwenye kisanduku cha maji. Kwa mfano, nyumba 60 zikitoa franka 500 kwa mwezi, ni franka 30.000. Kwa mwaka ni 360.000. Sehemu inatengeneza bomba na lupango, sehemu inakwenda kwa mwenye shamba.

Njia yoyote mtakayochagua, iandikwe kwenye karatasi, isomwe mbele ya wote kwa lugha ambayo wote wanasikia, na isainiwe mbele ya chefu, na mwenye shamba abaki na kopi yake. Maneno ya mdomo yanakufa pamoja na mzee aliyeyasema. Tena mwiteni mwenye shamba tangu mkutano wa kwanza. Asije kusikia habari za shamba lake njiani.

Na mamaa wawe ndani ya komite, hapana kwa kupika chai ya mkutano. Wao njo wanateka kila asubuhi, wanajua lini maji yalibadilika rangi.

Maswali 10 ya kukagua

Kila miezi mitatu, watu wawili wa komite wapite na reko ao infirmiye, wajibu ndiyo ao hapana:

1. Kuna choo ndani ya metre 30?
2. Kuna choo upande wa juu, hata kama ni mbali zaidi?
3. Kuna takataka, mavi ya wanyama ao shimo la mihogo karibu?
4. Kuna kisima kilichoachwa wazi karibu?
5. Watu wanachanganya dawa ya wadudu ao kuosha pompi ya mgongo hapo?
6. Lupango umeanguka, wanyama wanaingia?
7. Mfereji wa juu umejaa udongo?
8. Ukuta ao saruji vina ufa?
9. Maji yanasimama na kuoza chini ya bomba?
10. Maji yanakuwa na matope baada ya mvua kubwa?

Kila «ndiyo» ni mlango mmoja ulio wazi. Swali la 10 lina uzito zaidi. Maji ya chini yaliyochujwa vizuri hayabadiliki rangi kwa mvua ya jana. Yakibadilika, maana yake maji ya juu yamepata njia fupi ya kuingia. Hapo waambieni watu wote siku hiyohiyo wachemshe ao waweke klore, kisha tafuteni tundu liko wapi. Na kama watu wengi wanahara maji meupe kwa wakati mmoja, msingoje mkutano: pelekeni wagonjwa santre ya afya mara moja, huku wakinywa maji ya chumvi na sukari njiani.

Kazi ya salongo ijayo

Tunawaomba kila kikundi kitumie salongo moja kabla mvua kubwa hazijarudi. Jembe, panga na kamba ya metre 30 vinatosha kuanza. Pimeni vyoo vilivyo karibu, zibueni mfereji wa juu, simamisheni lupango, hamisheni mashimo ya mihogo, na jazeni kisima kimoja kilichoachwa. Kazi hizo hazingoji mradi wala saruji ya mtu.

Kisha jibuni maswali 10 na wekeni karatasi kwenye kitabu cha koperative. Mkija kuomba msaada wa bomba ao saruji, karatasi hiyo itaonyesha kwamba mmeanza, na itaonyesha shida iko wapi hasa. Mwenye shamba la juu ya chemchem awe wa kwanza kusikia majibu hayo.